Ukimya Si Utata: Fasiri ya Valkyrie wa Filamu

Wapo wahakiki wanaodai kwamba swali la mapenzi ya Valkyrie katika filamu ya Taika Waititi, Thor: Ragnarok (2017), lilikwisha kujibiwa nje ya filamu. Wanataja katuni za Fearless Defenders (2013), ambamo shujaa huyo alibusiwa na Annabelle Riggs. Wanataja pia kauli ya Tessa Thompson kwamba alimwigiza kama mtu avutiwaye na wanawake na wanaume. Hoja hizi hazisimami. Katuni ni matini nyingine, na kauli ya mwigizaji si tendo la mhusika. Thompson mwenyewe alieleza kwamba onyesho la mwanamke akitoka chumbani mwa Valkyrie liliondolewa. Nacho kilichoondolewa hakisomwi.

Hata hivyo, wanaohitimisha kwamba hapana lolote la kusoma wanapotoka zaidi. Katika kumbukumbu ya vita dhidi ya Hela, shujaa mwenzake anakufa kwa kumwokoa. Je, huo ni udugu wa vita au ni mapenzi? Filamu yaruhusu fasiri zote mbili, na huo ndio utata halali.

Tusilolikubali ni studio kusifiwa kwa ujasiri uliofutwa na mkasi wake. Utata humwachia mhakiki ushahidi. Ukimya humwachia uvumi. Thor: Love and Thunder (2022) ilipomtaja mpenzi wa kike wa Valkyrie aliyefia vitani, ilijaribu kuliziba pengo la 2017. Haikulifuta.