Mtambo wa Umma Usiwe Mmoja

Katikati ya mwezi wa Mei 2021, wateja wengi wa TANESCO walikuwa na fedha mkononi, wakashindwa kununua umeme. Haikuwa nguzo iliyoanguka wala bwawa lililokauka. Mfumo wa LUKU, unaompa mteja tarakimu 20 za kuingiza katika mita yake, ulipata hitilafu, na usumbufu ukaendelea kwa siku kadhaa. Waziri wa Nishati wa wakati huo aliagiza baadhi ya wakuu wa kitengo cha kompyuta wa shirika hilo wasimamishwe kazi.

Hatuna nia ya kuirudia hukumu ile. Twasema tu kwamba kumwadhibu mtumishi hakuwezi kuwa badala ya mtambo wa akiba. Mwenye mashine ya kusaga huko Matwebe, wilayani Rungwe, hana haja ya kujua kompyuta hiyo imewekwa wapi. Lakini ikizimika, naye uniti zake zikaisha, mashine hunyamaza na jirani zake hukosa unga. Tena tangu 2017 malipo mengi ya Serikali hupitia mfumo wa pamoja wa kielektroniki, GePG. Basi siku hizi seva ikilala, ofisi nayo imefungwa, hata kama karani ameketi mezani pake.

Dawa inajulikana. Seva mbili au zaidi hufungwa pamoja ziwe kundi moja, zikitumia kumbukumbu zile zile. Kila baada ya muda mfupi hupelekeana ishara ya uhai. Ishara ya ile iliyo kazini ikikoma, mwenzake huishika kazi bila kungoja fundi aamshwe usiku. Hatari moja ipo: waya uliopo kati yao ukikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote mbili zitaanza kuandika hesabu zake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana huwekwa shahidi wa tatu mwenye kura, na upande uliokosa kura za kutosha hauna budi kuacha usukani.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Unguja ilitegemea njia moja ya umeme iliyotandazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ilipoharibika Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ilipoharibika tena Desemba 2009, giza lilidumu miezi mitatu hivi, na pampu za maji zikasimama. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013.

Hata hivyo, viwili si viwili kila mara. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Vivyo hivyo seva mbili zilizo chumba kimoja, zikitegemea umeme mmoja, zahesabiwa moja. Moto mmoja utaziteketeza pamoja.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wakuu wa Serikali zetu zote mbili. Kwanza, mfumo wowote unaopokea fedha za wananchi au kuhudumia wagonjwa usikubaliwe mpaka uwe na mwenzake katika mji mwingine. Pili, walau mara moja kwa mwaka mtambo mkuu uzimwe makusudi, mafundi wakiwa tayari, ionekane kama wa akiba unashika kazi kweli, na matokeo yatangazwe. Tatu, nakala za kumbukumbu zihifadhiwe mbali na kundi hilo, kwani seva pacha huiga hata kosa: kilichofutwa kwa moja hufutwa kwa zote.

Watakuwapo watakaosema kwamba mtambo wa akiba ni fedha iliyolala. Tunawajibu kwamba hasara ya siku tatu hailipwi na Hazina peke yake. Huilipa msagaji wa Matwebe, na mvuvi wa Pemba ambaye samaki wake wameoza kwa kukosa barafu, na hasara zao haziandikwi katika daftari la ofisi yoyote.