Umemaliza Mkopo wa Nyumba? Subiri Januari

Mhubiri mmoja mgeni alipita majuzi kwenye ibada yetu ya Kiswahili hapa kusini-magharibi mwa Houston, akawasimamisha mume na mke wanaokaa Sugar Land. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 wameumaliza kwa miaka tisa. Akatukumbusha Mithali 22:7, ule mstari wa mkopaji na mkopeshaji, kisha akatangaza kwamba wawili hawa sasa hawadaiwi na mtu yeyote chini ya jua. Vigelegele vikalipuka. Mimi nilikuwa namtazama yule mama, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, akisinzia kwa kusimama.

Hawadaiwi na mtu yeyote! Texas hii hii?

Imani hii imetushika Waafrika Mashariki wa huku kuliko malaria: piga dabo, funga mkaja, maliza deni, nyumba iwe yako. Nani kawaambia inakuwa yenu? Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na hiyo ndiyo ilituhamisha kutoka Minnesota na Maryland tukicheka. Lakini serikali lazima ile, na hapa inakula kwenye nyumba. Sugar Land unalipa kaunti ya Fort Bend, unalipa jiji, unalipa wilaya ya shule, na mitaa mingi inalipa pia wilaya ya maji au ya matuta ya kuzuia mafuriko. Mwezi Novemba 2025 wapiga kura walipandisha msamaha wa makazi kwa kodi ya shule kutoka dola 100,000 ya thamani ya nyumba hadi 140,000, watu wakashangilia. Sawa. Nyumba ya dola 400,000 bado inaweza kukutoa dola 6,000 kwa mwaka, na kuna mitaa inayopita hapo. Mwaka huu, mwakani na mwaka wa mazishi yako.

Ukiwa na mkopo huioni kodi hii, maana benki hukukata kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na bima, ikakulipia. Siku unayomaliza deni benki inakuaga kwa barua nzuri, halafu bili inakuja kwako mwenyewe, nzima nzima, majira yale yale unayonunulia watoto nguo za Krismasi. Mwisho wa kulipa ni Januari 31. Ikiingia Februari unaongezewa asilimia 7. Ikifika Julai adhabu peke yake ni asilimia 12, riba iko pembeni, na gharama za wanasheria zinaweza kufika 20 nyingine juu ya jumla. Ukiendelea kukaidi, nyumba yako uliyoitolea ushuhuda inanadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Hapo sijagusa chama cha wenye nyumba, HOA. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya mtaa wa Inwood North wa hapa hapa Houston, iliamua kwamba chama kinaweza kuuza nyumba ya mtu kwa ada asizolipa, hata kama katiba ya jimbo inalinda makazi. Mimi waliniandikia barua kwamba pipa langu la taka linaonekana kutoka barabarani. Pipa! Mwenye nyumba asiyeweza kuliweka pipa lake anapotaka ni mwenye nyumba wa namna gani?

Dar es Salaam kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na watu wanalalamika redioni. Waletewe bahasha ya Fort Bend, wote watalazwa Muhimbili.

Sasa ingia ndani kwa hawa wanaoukimbiza mkopo. Agosti, nje kunachemka, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 82 na ole wako uguse kitufe. Sebule ina viti vya plastiki. Sufuria ya maharage iliyopikwa Jumapili inafunguliwa mpaka Alhamisi. Baba anarudi saa mbili asubuhi, mama ameshaingia barabara ya 59 kwenda kazini, na kama zamu zimegongana wanakabidhiana mtoto gereji huku injini inaunguruma. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi yenye vijumba vidogo vidogo, kila kimoja dola 1,000, vinapakwa rangi deni linavyopungua. Mpaka rangi ni mtoto wa darasa la nne. Salio la benki analijua mpaka senti, shikamoo hajui.

Ukiwauliza, jibu lao ni moja: “Kwa nini nimnufaishe Mzungu kwa riba?” Shemeji yangu ndiye bingwa wa jibu hili. Analitoa akiwa ameegemea lori dogo alilokopa kwa miezi 84, kwa riba ambayo hataki mke wake aisikie. Mwezi Januari 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilishuka hadi wastani wa asilimia 2.65, na haijapata kuwa chini hivyo. Waliobahatika kukopa majira yale ndio hao hao wanaokesha kuurudisha, huku kadi zao za mkopo zikiwatafuna kwa asilimia 20 na zaidi. Muislamu anayeikwepa riba kwa dini yake simgusi. Shemeji yangu si mmoja wao.



Wengine wanajitetea kwamba ukifikisha miaka 65 kodi ya shule inagandishwa. Naam, inagandishwa. Samaki aliyegandishwa bado yuko kwenye friji. Na wale wa “tunawaachia watoto” wamewauliza watoto? Wangu kaniambia waziwazi hatakaa Sugar Land, joto limezidi, na tangu kimbunga Harvey mwaka 2017 akiona mvua anachungulia mtaro. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Hiyo nayo inanunuliwa kivyake, umalize mkopo usimalize.

Lipa mkopo wako wa mwezi kama ulivyoandikwa, Jumamosi ukae na wanao. Ukiona lazima ukeshe, kesha Aprili, barua za thamani ya nyumba zinapotoka. Piga picha nyufa za ukutani, maana udongo wetu wa mfinyanzi hunywea kiangazi ukavuta msingi, kisha andika pingamizi kabla ya Mei 15 uende kulitetea kwenye ofisi ya tathmini kule Rosenberg. Ni asubuhi moja tu. Shemeji nimemwambia kila mwaka na hajawahi kwenda, kwa sababu siku hiyo huwa ana ovataimu.