Urani na Tabia ya Jiwe Lake

Katika mjadala wa urani nchini Tanzania, waitakao hunena habari za mapato, na waihofuo hunena habari za mionzi na maradhi, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza urani hiyo imekaa katika jiwe la namna gani. Ilhali jiwe, kabla ya serikali na kabla ya kampuni, ndilo liamualo mgodi utatumia dawa gani na jirani zake wataachiwa taka gani.

Huko Bahi na Manyoni urani imelala karibu na uso wa nchi, katika mbuga zenye chokaa nyingi, nayo aghalabu ni karnotiti, madini ya manjano yaliyo mepesi kuyeyuka. Jiwe hilo likimwagiwa tindikali, chokaa huimaliza kabla haijaifikia urani. Ndiyo sababu mgodi wa Langer Heinrich, Namibia, wenye jiwe la jamii hiyo, ukahiari magadi yaliyopashwa moto.

Kwenye Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mambo ni mbali. Hapo jiwe ni la mchanga, nalo huivumilia tindikali. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia eneo hilo litolewe katika mipaka ya Pori la Akiba la Selous, kwa matarajio ya mashimo ya wazi. Baadaye ikazuka fikra ya kuishusha dawa kwa visima, iiyeyushe urani huko huko chini, kisha ivutwe juu. Kazakhstan, iongozayo dunia kwa urani, huchimba hivyo, na hakuna milima ya kifusi. Sikatai faida hiyo. Lakini vinyweleo vile vile vya jiwe vinavyoipitisha tindikali ndivyo vinavyopitisha maji: huko Stráž pod Ralskem, katika Chekia, zilishushwa takriban tani milioni 4 za tindikali ya salfa, uzalishaji ukakoma mwaka 1996, na kazi ya kuyasafisha maji ya ardhini yaendelea hata leo.

Kwa hiyo naona ni dhuluma kuwataka watu wa Namtumbo waridhie au wakatae pasipo kuoneshwa kwanza, kwa Kiswahili kilicho wazi, vipimo vya jiwe na mwendo wa maji yaliyo chini yake, vilivyochukuliwa na wataalamu wasiolipwa na mwenye leseni. Na mpaka vipimo hivyo vitangazwe hadharani, kibali cha kushusha tindikali ardhini kisitolewe.