MTOTO WA MPANDA AENDE KWA NANI?

Wako watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, gazeti la Visiwani lina shughuli gani na Mpanda. Mpanda ni mbali. Aliyepanda gari moshi kutoka Kaliua anajua jinsi reli ile inavyokwenda porini mpaka ikakoma huko, na mtu hudhani na Serikali nayo imekoma hapo hapo. Lakini jambo tunalotaka kulisema leo halikukaa Mpanda peke yake, na kila msomaji ataliona katika shehia yake mwenyewe.

Kwanza khabari yenyewe. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Hapana mkoa uliofika huko. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 27, na kwa Zanzibar 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta Katavi imeshuka mpaka 34, na mkoa wa Songwe ndio uliokuwa juu ya yote. Imeshuka, na mwenye haki apewe haki yake. Hata hivyo, msichana mmoja katika kila watatu si jambo la kushangiliwa.

Wala huu si mkoa yatima. Waziri Mkuu wa tangu 2008 mpaka 2015, Mheshimiwa Mizengo Pinda, ni mwana wa huko huko, na mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 naye yumo madarakani. Ukapata Mkuu wa Mkoa, ukapata maofisi na magari. Ile hesabu ya 45 ilipatikana baada ya yote hayo.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Mtoto ya Bara, Namba 21 ya mwaka 2009, haikuacha jambo hili hewani. Imeitwika halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliye katika eneo lake. Imemtwika kila raia mwenye khabari ya mtoto anayedhulumiwa wajibu wa kuipeleka kwa halmashauri hiyo. Afisa ustawi wa jamii akishapokea malalamiko humwita anayelalamikiwa wakazungumza, kisha afisa hukata shauri kwa manufaa ya mtoto. Akikaidi, hupelekwa mahakamani. Maneno mazuri, nasi hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni juu ya mlango wenyewe. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 wakahesabiwa 1,152,958. Katika miaka kumi watu wamezidi maradufu: wakulima wa tumbaku na mpunga, wafugaji waliohama na ng'ombe wao, wachimba dhahabu, na wale wa Katumba na Mishamo ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972. Mama wa Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ana safari ya zaidi ya kilomita 100 kufika Mpanda mjini. Nani atamwambia amfuate afisa mwenye kalamu na mhuri? Basi huenda kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji ni jirani wa mshitakiwa.

Hapo ndipo shauri linapofia. Wazee wa pande mbili hukaa, fidia hutajwa, ng'ombe au fedha, na mtendaji akawa shahidi wa mapatano badala ya kuwa mpelekaji wa khabari. Bara huita kumalizana. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inamtia gerezani miaka 30 mtu aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Adhabu kubwa kweli, na kwa ukubwa wake huo huo imezidisha kimya, kwani kila upande una sababu ya kuficha. Na huku Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2016 katika shauri la Bi. Rebeca Gyumi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuirekebisha. Serikali ikakata rufani, ikashindwa mwezi wa Oktoba 2019. Ule mwaka mmoja ulipita, na mingine ikapita nyuma yake. Ikiwa Serikali yenyewe haikuona haraka, tumlaumu vipi mtendaji wa kijiji?

Na tuseme yule mama ana moyo. Anataka kulalamika juu ya mtendaji. Aende kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kijiji? Kwa diwani? Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, vyama vikajitoa, na chama kinachotawala kikatangaziwa zaidi ya viti 99 katika kila 100. Mwaka 2024 kikatangaziwa zaidi ya 98. Sisi hatusemi kwamba diwani wa upinzani ni malaika. Twasema kwamba baraza ambalo watu wake wote wamekula sahani moja halina wa kusimama akauliza: robo hii tumepokea malalamiko mangapi ya watoto, mangapi yamefika mahakamani, na yaliyobaki yamekwenda wapi? Watu wa Mpanda Mjini waliwahi kumpeleka Bungeni mtu wa upinzani, mwaka 2010. Hawakukosa akili ya kuuliza. Wamekoseshwa wa kuwaulizia.

Turudi kwetu. Ile 8 isitulevye, maana ni hesabu ya mimba tu. Haihesabu mtoto wa kiume aliyeharibiwa, wala wa kike ambaye hakushika mimba. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011, na Mtakwimu Mkuu hutoa hesabu za udhalilishaji kila mwezi, jambo ambalo twalisifu bila kinyongo. Lakini mlango wa kwanza wa mtoto wetu ni sheha, na sheha hakuchaguliwa na mtu. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Wenzetu wa Bara wana kumalizana, sisi tuna muhali. Muhali kwa ami, muhali kwa mwalimu, muhali kwa jirani tuliyezikana naye. Jina lina adabu zaidi, na mtoto huachwa pale pale.

Twataka mambo mawili kwa halmashauri zote, za Bara na za Visiwani. Daftari la malalamiko ya watoto lisomwe mbele ya watu kila robo mwaka, bila ya majina, pamoja na mwisho wa kila shauri. Na mtumishi au sheha atakayeonekana amesimamia mapatano ya fidia katika shauri la mtoto aondolewe kazini.

Na kwa matawi yetu tuna amri, si ombi. Katibu atakayeletewa khabari ya mtoto asikae na wazee wa pande mbili. Mtoto afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla hajaoshwa wala nguo hazijafuliwa. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011, viliwekwa kwa kazi hiyo. Kisha dawati la jinsia na watoto la Polisi. Simu ya 116 hailipiwi. Katibu aandike siku, saa, na cheo cha aliyepokea khabari, na karatasi hiyo ailete makao makuu. Na ikiwa anayetuhumiwa ni mwanachama wa chama hiki, hata awe kiongozi wa tawi, mwendo ni ule ule.