CHOMBO KISICHOJUA MSUMARI

NIKO Pangani, mahali ambapo mto unakutana na bahari na habari zote zinavuka na pantoni. Wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele tuyaweke kando kidogo. Nina swali moja tu: chombo cha mbao kinaweza kwenda bahari kuu bila msumari hata mmoja?

Swali hilo nililipeleka kijiweni, pale vijana wanapongojea kuvuka kwenda Bweni. Jamani, nilichekwa! Mmoja akasema, "Ndugu yangu, hicho ni chombo cha mashetani, si cha binadamu." Mwingine akanishauri mbao nizigandishe kwa ugali.

Haya, vicheko pembeni. Chombo hicho kilikuwepo na jina lake ni mtepe. Mbao zake zilikuwa hazipigwi misumari, zilikuwa zinashonwa. Ndiyo, zinashonwa, kama fundi cherehani anavyoshona suruali, ila uzi wenyewe ulikuwa kamba ya usumba wa nazi. Tanga lake halikuwa la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, tena la mkeka. Omo yake ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia, na ubavuni ilichorwa macho. Watu wa kale walikuwa wakisema ule ni mfano wa ngamia wa Mtume.

Mabingwa wa kuujenga walikuwa watu wa visiwa vya Lamu. Kutoka huko mitepe ilishuka pwani ikiwa imejaa boriti za mikoko, mpaka Unguja.

Sasa kwa nini kijana wa Pangani akae barazani miezi minne anachonga mtepe wa inchi 30? Vuta mkeka, nikupe kisa.

WAGIRIKI WALITUONA

Wenzetu wa Ulaya wana ugonjwa wa kujenga vyombo vya kale kwa ukubwa wa kukaa mezani. Kipenzi chao ni merikebu ya vita ya Wagiriki, ile ya makasia ya ngazi tatu. Mabaki ya merikebu hiyo hayajawahi kuonekana chini ya bahari, hata moja. Lakini wataalamu walikaa, wakatazama michoro, wakasoma maandishi ya kale, wakapima mabanda zilimokuwa zikilazwa merikebu hizo kule Piraeus, wakabishana sana. Mwaka 1987 chombo kizima cha ukubwa wa kweli kikaelea, jina lake Olympias, na wapiga makasia 170 ndani yake. Kitu kilichopotea kwa karne nyingi kikarudi majini!

Na ni Wagiriki haohao waliotuandika sisi. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyekuwa akiishi Misri aliandika kitabu cha safari kiitwacho Periplus, yapata karne ya kwanza. Sekondari tulikikariri kwa ajili ya mtihani, tukakisahau siku ya pili. Ndani yake anataja soko la mwisho la pwani hii, Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Rhapta ilikuwa wapi? Wataalamu wanavutana. Wengine wanasema Rufiji, wengine wanasema ni hapahapa kwenye mto wa Pangani. Mimi si hakimu wa kesi hiyo, ila unajua moyo wangu uko upande gani.

Wareno nao waliviona. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Msumbiji, watu wake waliandika kwamba vyombo vya wenyeji vina mbao zilizofungwa kwa kamba, havina misumari, na matanga yake ni ya mikeka. Hesabu mwenyewe, tangu yule Mgiriki mpaka Mreno, miaka 1,400 watu wa pwani hii wanashona tu.

Wapo waliodai vyombo vilishonwa kwa sababu chini ya bahari kuna miamba ya sumaku inayonyofoa misumari. Hadithi tamu, lakini ni porojo. Mshono ulikuwa na faida yake. Chombo cha kushona kikipanda mwamba au kikipigwa na wimbi ufukweni, kinanyumbuka, hakivunjiki upesi. Ubao ukioza unafumua, unabadilisha, unashona tena. Na usumba unaota juu ya mnazi wako, wakati chuma lazima ukinunue.

ULIVYOKUFA

Basi bwana, majahazi ya misumari yakatamba, misumari ikawa rahisi kupatikana, na mtepe ukaanza kuonekana wa kizamani. Miaka ya 1930 ndiyo ya mwisho mwisho. Mwingereza James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe mwaka 1941, alikuwa kama anaandika tanzia.

Hapo sasa ndipo penye hoja yangu. Mtepe haukuacha hata chombo kimoja cha kwenda kukishika kwa mkono. Kilichobaki ni picha za zamani, maandishi, maneno ya wazee, na modeli. Ukienda makumbusho ya Lamu au Fort Jesus, Mombasa, utakutana na mitepe midogo. Na mwaka 2003, Zanzibar walipojenga mtepe wao mkubwa wa kushona, wakauita Shungwaya na kuuweka Beit el Ajaib, kumbukumbu za aina hiyo ndizo za kushikilia. Waomani nao wakaonyesha kwamba mshono si mchezo: mwaka 2010 chombo chao cha kushona, Jewel of Muscat, kilisafiri kutoka Oman mpaka Singapore.

Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ikaporomoka. Nilipolisikia hilo nilijiuliza: kumbukumbu za pwani nzima tuziweke nyumba moja kweli? Mtepe mdogo ukiwepo Pangani, mwingine Mkwaja, mwingine Bagamoyo, nani atatunyang'anya?

Mradi uwe umeshonwa. Mtepe mdogo wa gundi unasema uongo. Mtu atakayeufungua miaka 100 ijayo atajua sura tu, kazi hataijua.

SINDANO NA SPOKU

Kipimo changu ni chepesi: kila futi ya chombo, mimi nusu inchi. Nimechukua mtepe wa futi 60, ndiyo maana wangu una inchi 30.

Unaanza na mkuku, halafu unasimamisha fashini. Kisha unaleta ubao wa kwanza. Mbao zangu ni masalia ya mkangazi kutoka kwa seremala, nimezipiga randa mpaka zikawa nyembamba kama biskuti. Ubao haupindwi kwa ubishi. Unauloweka kwenye maji ya moto, unaukunja polepole juu ya mvuke, unaufunga ulale hivyo usiku kucha.

Halafu matundu. Kila ubao una matundu ukingoni, na lazima yatazamane na ya ubao wa jirani. Keke ya fundi ni kubwa mno kwa kazi hii, kwa hiyo nimenoa spoku ya baiskeli, naipasha moto mkaani na kutobolea. Mpaka leo nimetoboa zaidi ya 500, na vidole vyangu vina alama za kutosha.

Usumba kwenye kipimo hiki unakuwa mnene kama kamba ya ng'ombe, hivyo uzi wangu ni katani. Mkoa wa Tanga bila katani tungekuwa nani? Nachambua nyuzi, nazisokota pajani, nazipaka nta ya nyuki. Juu ya maungio nalaza usumba laini, uzi unapita juu yake na kuubana. Kila tundu nalipigilia kijiti ili uzi usilegee. Kijiti hicho kidogo ndicho siri ya kazi yote, kwa sababu bila hicho mshono mzima unacheza. Mbavu, yaani mataruma, zinaingia mwisho, mbao zikishashonwa. Unashona koti kwanza, ndipo unamtafuta mtu wa kulivaa.

Jirani yetu ni mzee aliyemaliza ujana wake baharini. Juzi alipita nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nilione hilo dude lako."

Akaligeuza, akaukwangua mshono kwa ukucha. "Hapa patavuja."

"Babu, hautaingia majini huu, ni wa kuweka mezani tu."

"Chombo kisichoingia majini ni kabati," akanijibu, akakaa chini bila kukaribishwa.

Akanisimulia aliyoyapata kwa babu yake: ndani ya mtepe kulikuwa na mtu wa kufua maji, mchana na usiku, na kazi hiyo haikuwa aibu. Kuvuja ilikuwa desturi, kuzama ndiyo aibu. Kisha akachukua uzi, akanionyesha namna ya kuurudisha kwenye tundu lilelile mara mbili kabla ya kupiga kijiti. Mikono yake inatetemeka siku hizi, lakini ilipouona uzi ilitulia. Jambo hilo sijalisoma kwenye kitabu chochote. Angepita njia nyingine siku ile, lingeenda naye.

MSHIKO NAO

Sasa sikia. Mwenye duka moja la vinyago vya watalii (jina nalihifadhi) aliuona mtepe wangu, akaupenda. Anataka kumi kwa mwezi. Masharti: mbao zigandishwe kwa gundi, mishono ichorwe kwa kalamu. "Mzungu hatajua," akaniambia.

Msomaji, nisikudanganye, mshiko ulikuwa mzuri. Makala haya yananilipa nauli na vocha tu, na mama bado ananiuliza kazi nitapata lini. Nikamjibu: majahazi ya gundi nitakuchongea hata ishirini, na yaitwe majahazi. Mtepe wa gundi siuchongi. Ukiutaka wa kushonwa, mmoja kwa miezi minne, na bei yake tukae tuongee.

Akasema atafikiri. Wiki ya tatu hii hajarudi, na mama ameacha kuniuliza, ananitazama tu. Kutazamwa huko ni kuzito kuliko swali.

Hata hivyo shangazi ameshaanza kunisukia tanga la ukindu mwembamba, na babu ameagiza shahamu na chokaa tupake deheni. Amesema bamvua lijalo tunaushusha, tuone kama unavuja kwa heshima.

Wewe uliyeko Kipumbwi, Tongoni, Moa au hata Lamu, nakuomba kitu kimoja. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kushika kamba ya chombo, kaa naye jioni moja. Usimuulize mambo ya siasa, muulize fundo. Mwambie akufungie mbele ya macho yako, halafu ulifungue na ulifunge mwenyewe.

Haya, tukutane wiki ijayo. Wenye spoku za zamani, msizitupe!