Usikwanyue Majani ya Mahindi Mapema



Mahindi yakitoa ndevu, wenye ng'ombe huanza kukwanyua majani mabichi. Najua mifugo ina njaa. Lakini ngoja kidogo.

Jani ni jiko la mmea. Mizizi huleta maji kutoka ardhini. Jani huvuta hewa ya ukaa kwa vitundu vidogo sana, macho hayavioni. Rangi ya kijani hushika mwanga wa jua. Mwanga huo ndio moto wa jiko hili. Maji na hewa hiyo hupikwa vikawa sukari. Sukari huenda kwenye hindi, hujaza punje na kuwa wanga. Huo ndio ugali wako. Mbolea husaidia, lakini mbolea haipiki.

Jani linaloshika hindi na yale ya juu yake ndiyo hulisha punje zaidi. Ukiyatoa mapema, punje hubaki nyembamba, na gunia halijai.

Majani ya chini yaliyokauka, chukua. Mengine subiri. Menya hindi moja, utoe punje. Tazama pale iliposhikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, punje imekomaa. Sasa kata majani, ukawape ng'ombe.