Mbio Zisizo na Makofi



Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Alfajiri moja, saa kumi na moja, nilikuwa najiandaa kwenda zamu ya asubuhi. Mwanangu wa kiume alikuwa anafunga kamba za viatu aende mazoezini na timu ya shule. Nikampa chai, nikamwambia, "Mungu akutie nguvu, baba." Pale mezani dada yake ameinamia daftari. Kuchungulia, nikaona anaandika hadithi ya kutunga. Nikafoka: "Hadithi zitakulisha?" Akafunga daftari. "Basi, mama, siandiki tena."

Njiani moyo ulinisuta. Watoto wote wawili wameamka gizani kufanya kazi isiyo na mtu wa kuipigia makofi. Mmoja nimempa chai, mwingine maneno makali.

Tumkumbuke John Stephen Akhwari wetu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, alianguka akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Alikuwa wa mwisho, lakini alimaliza.

Sasa mtazameni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Alikwenda Uingereza akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanza kuandika akiwa na umri wa miaka 21. Aliwahi pia kufanya kazi ya uhudumu hospitalini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021. Hebu hesabu, dada: zaidi ya miaka 15 ya kuandika kabla msomaji hajashika riwaya yake hata moja!

Mwandishi na mwanariadha ni ndugu. Siku ya mashindano ni moja, mazoezi ni ya kila siku. Mkimbiaji hurudia mzunguko ule ule. Mwandishi hufuta na kuandika upya ukurasa ule ule. Mmoja hukosolewa na kocha, mwingine na mhariri. Sisi wauguzi twajua kuwa msuli hupata nguvu kwa kazi ya kadiri inayorudiwa na kwa kupumzika. Mgonjwa akilala wiki chache tu, husinyaa. Naona kipaji nacho ni hivyo hivyo.

Huenda mwingine akasema hadithi za kutunga hazimfai Mkristo. Je, Bwana wetu hakufundisha kwa mfano wa Msamaria mwema na wa mwana mpotevu?

Basi vyombo vioshwe, masomo yafanywe, usingizi utoshe. Kisha mpe mwanao nusu saa na daftari lake. Mwombe akusomee. Usimsifu kwa uongo, wala usimcheke.

Jioni ile nilimwomba binti yangu msamaha. Alinisamehe, lakini daftari bado limefungwa. Neno la mama hutoka mara moja. Jeraha lake huchelewa kupona. Siku hizi kila alfajiri natia chai vikombe viwili. Kimoja nakiweka mezani kando ya daftari, nangoja.

Someni Waebrania 12:1, nanyi mniombee.